Aliyebaki Darasani

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mafuta. Jumapili ile mama alirudi kanisani, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la mafuta ya mgando. Akajipaka usoni taratibu, kwanza kwenye paji, kisha mashavuni, kisha shingoni, kama mtu anayekwenda harusini. Halafu akaketi kwenye kigoda mbele ya kioo. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, mlango uko wazi, na tangu nipate akili sijawahi kumwona mama akijipaka mafuta ili aje kukaa na mimi.

"Subi!" akaita. "Hebu njoo uniwashie. Leo kinaniletea weusi mtupu."

Nikafuta utomvu mikononi, nikaenda. Kioo kilikuwa cheusi kwa sababu mashine ya upande wa pili ilikuwa imewashwa lakini haijaambiwa itoe picha yake wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nikaiambia, nikaandika nywila, nikasubiri. Picha ikaja vipande vipande, kutoka juu kuja chini: nywele zilizosukwa, paji la uso, macho, pua, mdomo. Uso wangu.

"Shikamoo mama," uso wangu ukasema.

"Marahaba mwanangu! Marahaba Mwalimu! Mwee, umependeza leo!"

Nikarudi kwenye ndizi zangu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano, mama aliponipeleka Ofisi ya Nakala. Mwaka ule alikuwa amevunjika mkono na chai ilikuwa imechanua majani milima yote. Ofisi ilikuwa na mpango kwa familia kama yetu. Mtoto anakalishwa kwenye kiti, anavalishwa kofia ya nyaya, analala dakika arobaini. Akiamka, wapo wawili. Mmoja anaondoka na mama yake kwenda kuchuma chai. Mwingine anabaki ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa pamoja na wenzake mia mbili, kila mmoja na chumba chake, hakuna anayemwona jirani. Huyo wa ndani ndiye anayeendelea na masomo. Ulikuwa mpango wa msimu mmoja tu. Msimu ukiisha, mtoto anarudi shule, nakala inamfundisha kwa wiki mbili alichokosa, kisha inafungwa.

Yangu haikufungwa. Mtu yeyote wa kwetu angekwambia sababu: mama alizoea mikono yangu shambani, akakataa nirudi. Walimsema sana, mpaka kisimani. Sasa hawamsemi tena. Yule wa ndani alimaliza darasa la saba, akamaliza kidato cha nne, akapata cheti cha ualimu, na anafundisha hesabu watoto wa shule tisa kupitia vioo. Sokoni wanampisha mama apite na kikapu chake. "Karibu Mama Mwalimu. Chukua hii nyanya nyingine, Mama Mwalimu." Zamani alikuwa Mama Subi.

Cheti kina jina langu, Subilaga Mwaitebele. Hata uso ni wangu. Kila mwaka Ofisi hunipiga picha ili wamchoree uso unaokua. Mimi nakaa kwenye jua na mvua, yeye anapokea. Isipokuwa kovu. Nina kovu kidevuni, nilikatwa na mkasi wa chai nikiwa na miaka kumi na minne. Yeye hana. Mwaka juzi ilikuja fomu ikiuliza kama naruhusu nakala ichorwe kovu. Niliandika hapana. Nina vitu vichache ambavyo ni vyangu peke yangu.

*

Jumba la Baridi liko juu ya mji, kwenye kiwanda cha zamani cha chai. Liliwekwa huko kwa sababu mashine zinatoa joto kali, na ukungu wa Rungwe ni wa bure. Ndani kuna makabati ya chuma yanayonguruma mchana na usiku. Niliingia pale kufagia. Mkubwa wa zamu, kaka Ambakisye, aliniona nikitazama mikono yake akifungua vioo, akanikalisha kwenye kiti. Hakuniuliza nimesoma mpaka wapi.

Kufungua kioo ni hivi. Mashine pepe haina macho wala uso wa nje. Unaiambia ichore picha ya kilichomo ndani yake na kuitoa kwenye mlango wenye namba. Huo mlango usiuache wazi kwa dunia nzima, maana atakayepita barabarani ataingia chumbani kwa mtu. Unauelekeza ndani ya jumba tu, kisha unachimba njia ya chini mpaka kwa yule aliyeomba, njia ambayo asiye na nywila hawezi hata kuiona. Mwisho unaamua juu ya mikono. Kuna kioo cha kutazama tu, na kuna kioo chenye mikono, ambacho anayetazama anaweza kusogeza kishale na kuandika kama aliyeketi mle ndani. Kioo kipya huja na mikono yake. Ukiikata kabla picha haijafika, mashine zetu hugoma na kubaki nyeusi. Kwa hiyo Ambakisye ana msemo wake wa kazi, anausema mpaka unamwota: "Picha kwanza, mikono mwisho."

Kila asubuhi nilikuwa nafungua vioo tisa vya madarasa ya yule wa ndani. Miaka mitatu nilimfungulia milango, na sikuwahi kusema naye neno moja. Ningemwambia nini?

"Dada Subi," Ambakisye alisema Jumatano ile, akiegemea kabati lenye joto apashe mgongo, "mwenzako wa ndani ana wanafunzi mia tatu leo. Wewe una wangapi?"

"Nina wewe mmoja," nikasema, "na unafeli."

Akacheka mpaka akakohoa. Kwa Ambakisye tu ndiko ulimi wangu hufunguka. Akipita mtu wa tatu, unarudi mahali pake.

Alipomaliza kucheka akatoa bahasha mfukoni. "Yako. Sijaifungua, ila naijua. Mkifika miaka ishirini na moja, wote wenye nakala mnaipata."

Niliisomea chooni, polepole, nikifuata mstari kwa kidole. Ilisema mwenye mwili achague. Akitaka nakala ifungwe, aweke saini tu: nakala itazimwa, na vyeti vyake vyote vitahamia kwa mwenye mwili. Akitaka iendelee, nakala itakuwa mtu kamili mbele ya sheria na jina litabaki kwake, na mwenye mwili atajiandikisha jina jipya. Lakini kuendelea hakukutaka saini. Kulitaka maneno. Mwenye mwili atamke kwa sauti, mbele ya mzazi na mbele ya nakala yenyewe, jinsi nakala ilivyopatikana na kwa nini haikufungwa msimu wa kwanza. Maneno yatarekodiwa.

Mstari wa mwisho nilirudia mara mbili. Asiyejibu hadi Jumatatu saa kumi jioni atahesabiwa amechagua kufunga.

Nikaikunja nikaitia ndani ya sweta langu la kijani. Lile sweta mama alininunulia bila mimi kuomba, na akapatia hata rangi. Nilikaa nayo pale kifuani siku nne. Mama hakujua. Haikunibidi kufanya lolote ili yule wa ndani azimike. Ilitosha ninyamaze, na mimi kunyamaza nakuweza kuliko kitu kingine chochote.

*

Jumapili nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niwe jumbani saa nane, saa ya mama. Nilitaka kuona. Nilitaka kujua wanacheka nini.

Nikamfungulia mama chake kutoka kule, kisha nikafungua kioo cha pili kwenye mashine ile ile, cha pamoja, ambacho hakimfukuzi aliyetangulia. Picha ikaanza kushuka. Nilitegemea uso wangu, nikasahau jambo ambalo namweleza kila mteja: kioo cha jumbani hakionyeshi aliyeko ndani, kinaonyesha anachokiona yeye. Basi nikaona meza yake. Orodha za wanafunzi, daftari la kuandikia, mazoezi yaliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Na katikati, dirisha kubwa, na ndani ya dirisha, mama.

Mama alikuwa ananitazama mimi. Yaani alikuwa anamtazama yeye, lakini nilikuwa nimekaa mahali pake. Sijawahi kumwona mama kutoka mbele kwa muda mrefu namna ile. Nyumbani namwona mgongo wake akiwa jikoni, au ubavu wake tukila. Pale aling'aa mafuta, meno yote nje, macho yamemzama kwa kicheko.

"...basi mchungaji akakaa juu ya kofia ya mzee wa kanisa," mama alikuwa akisema, "na mzee anaitafuta chini ya benchi, anaitafuta!"

"Na hakuna aliyemwambia?"

"Nani amwambie mchungaji anyanyuke? Mpaka sadaka ya pili!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko chao kilikuwa kimoja. Mimi sikuwahi kuambiwa habari ya kofia. Nilikuwa naishi naye nyumba moja.

"Subi hajambo?" yule wa ndani akauliza.

"Yupo."

Neno moja. Nikangoja aongeze.

"Unamjua mwenyewe," mama akasema. "Leo kaenda kazini, hata ndizi hajamenya." Halafu akasogea karibu, akashusha sauti. "Sasa nikuulize lile langu la kila siku."

Sikutaka kusikia hilo lao la kila siku. Nikaona msalaba mdogo wa kufungia dirisha, juu kushoto mwa uso wa mama, na mkono wangu ukakamata kipanya. Sikuwa na nia ya kufunga, au labda nilikuwa nayo. Nikasukuma kipanya juu, kisha kushoto, kisha nikakishusha.

Na kwenye kioo, kishale kikaenda juu, kisha kushoto, kisha kikashuka.

Picha kwanza, mikono mwisho. Nilikuwa nimemtazama mama, nikasahau kukata mikono.

Niwaeleze kuhusu huo mwendo. Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja, msaada wa watu, na kipanya kimoja cha zamani chenye gololi chini. Ile gololi ilikuwa inakwama. Ukikisukuma kipanya kushoto, hakiendi, mpaka kwanza ukipandishe juu gololi iachie. Mwalimu Mwangomo hakuwa na kingine, akatufundishia hicho hicho. "Juu, kushoto, shuka!" Darasa zima tulikuwa tunaimba huku tunasogeza vipande vya sabuni juu ya madawati, kwa sababu kipanya chenyewe ulikigusa mara moja kwa wiki. Vidole vikazoea. Leo nina kipanya kizima kisichokwama popote, na bado siwezi kwenda kushoto bila kupanda juu kwanza. Ambakisye hunicheka. Sijawahi kuona mtu mwingine duniani anayefanya hivyo nje ya darasa letu.

Sauti ya ndani ilikatika katikati ya neno.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Mama, nisamehe. Nimekumbuka kuna kazi haijaisha. Tuonane Jumapili, eeh?"

"Haya mwanangu. Ndaga fijo, asante sana. Usichoke sana."

Dirisha la mama likafungwa. Meza ikabaki. Halafu daftari likafunguka lenyewe na maandishi yakaanza kutokea, haraka, bila kosa.

*Kishale kimepanda juu kabla ya kwenda kushoto. Sikukigusa mimi.*

Nikaondoa mkono kwenye kipanya kama kimeniunguza.

*Ni wewe, Subi?*

Ningeweza kukata. Kitufe kilikuwa pale. Badala yake nikaandika, kwa kidole kimoja: *Ndiyo.*

*Fungua sauti.*

Nikafungua. "Nipo," nikasema, mashine zikinguruma.

"Una sauti nzito kuliko yangu," akasema.

"Moshi wa jikoni."

"Barua imefika?"

Nikaishika bahasha ndani ya sweta.

"Mimi ni mwalimu wa hesabu," akasema. "Kumi na moja na kumi. Nilijua ni mwezi huu. Mama sijamwambia."

"Hata mimi sijamwambia."

"Najua. Angelia mbele ya kioo."

"Mbona huniombi?" Ilinitoka kwa ukali. "Wengine wanaomba. Wanaandika barua, wanatuma wanafunzi wao. Wewe umekaa tu."

"Ungekuwa wewe, ungeomba?"

Nikafikiri. Nisingeomba. Ningekaa nimekunja mikono mpaka saa kumi ipite. Ndicho kilichoniudhi zaidi, kwamba hata kiburi chake nilikijua kwa ndani, wala sikuweza kumchukia kama unavyomchukia mtu baki.

"Mama anakupenda," nikasema, kama mtu anayemshtaki mwizi. "Anajipaka mafuta kwa ajili yako."

"Mafuta gani?"

"Usoni. Kila Jumapili. Hujamwona anavyong'aa?"

"Nilidhani ni taa. Ni yale ya kopo la njano? Ya limau?"

"Kopo ni lile lile. Limau waliacha kuweka. Siku hizi yananukia kama maua."

"Waliacha lini?"

"Zamani. Miaka sita hivi."

"Mimi huwa nikimwona nasikia limau," akasema. "Kumbe nakosea."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo, kama mtu aliye na kitu ambacho tajiri hana. Kisha nikaona aibu.

"Lile swali la kila siku," nikasema. "Anakuuliza nini?"

"Kuhusu wewe."

"Mimi?"

"Anasema wewe hujibu. Anasema akikuuliza unataka nini, unasema chochote. Basi ananiuliza mimi: ungekuwa Subi, ungetaka nini? Wiki hii alitaka kujua ni godoro au redio."

"Ukasemaje?"

"Hukuniacha niseme, umeleta kishale chako. Ningesema godoro."

Lilikuwa godoro. Langu lilikuwa limeisha katikati, nalalia mbao.

"Na sweta?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Nilimwambia kijani. Nilikosea?"

"Hapana."

"Na kutokuamsha Jumatatu. Na maharage yasiyokolezwa chumvi. Na kukata lile tawi lililokuwa linagonga bati juu ya kitanda chako. Nilijua linakutisha, kwa sababu lilikuwa linanitisha mimi."

Niliwaza vitu vyote vile nilivyovihesabu kimoyomoyo kwa miaka, vitu vichache ambavyo vilinifanya niamini kwamba mama ananijua. Vyote vilipitia kwake. Hata kupendwa kwangu kulikuwa kunatoka kwenye mlango wenye namba niliokuwa naufungua mwenyewe kila asubuhi.

"Kwa nini asiniulize mimi?" nikauliza. "Niko jikoni! Hatua nne!"

"Anakuogopa. Anasema amekukosea sana, hana uso wa kukuuliza kitu. Kila Jumapili tunamalizia hapo. Kwamba alikutoa shule. Ananiomba mimi msamaha, kwa niaba yako."

Makabati yalinguruma. Nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho, kwa sababu kilitokea miezi mitatu baada ya kile kiti na kofia ya nyaya. Tulichangia uji, na Mwalimu Mwangomo, na tawi la juu ya bati. Hicho tulikuwa hatuchangii. Hakuna mtu mwingine aliyekijua.

"Subi? Kuna kitu?"

"Hakuna," nikasema, nikakata mikono, nikakata sauti, nikafunga kioo.

*

Jumatatu nilifungua vioo tisa kama kawaida. Ambakisye akaja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi.

"Umesaini?"

"Bado."

"Saini moja tu," akasema, "na kesho cheti kiko mkononi mwako. Nitakuwa nakuamkia, shikamoo Mwalimu. Nitakubebea hata mkoba."

Alikuwa anatania, lakini na mimi nilishaona picha ile usiku kucha. Nilimwona mama akinipisha kwenye kigoda. Nilisikia sokoni wakiniita. Na ningesema uongo nikisema sikuitamani. Niliitamani mpaka mate yalinijaa. Lakini kila nilipoifuata mpaka mwisho, ilifika mahali pamoja. Kioo cheusi ukutani. Mama amejipaka mafuta, amekaa. Mimi niko jikoni. Na hakuna tena wa kumwambia Subi anataka nini. Ingebidi niseme mwenyewe.

"Kaka, nipe ruhusa niwahi nyumbani," nikasema. "Na hapa kwenye barua panaandikwa jina jipya. Naandika Subi."

"Subi nani? Hilo si jina, hiyo ni nusu."

"Mimi inanitosha."

Akanitazama, akachukua kikombe changu ambacho sikukigusa. "Basi mikono usiikate leo," akasema. "Wape wote mikono."

Nilifika saa tisa. Mama alikuwa sebuleni anachambua maharage kwenye ungo, akashtuka kuniona.

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana mama. Nina kazi na wewe. Kaa hapo kwenye kigoda."

"Leo si Jumapili."

"Najua."

Nikafungua kioo cha pamoja. Picha ikashuka: nywele, paji, macho, pua, na kidevu laini kisicho na kovu. Hilo kovu simpi. Jina achukue, cheti achukue, kovu ni langu. Nikawasha rekodi, taa nyekundu ikawaka pembeni. Kisha nikachukua kopo la njano, nikajipaka uso wangu, paji, mashavu, shingo. Mama alinitazama mdomo wazi. Nikavuta stuli nikakaa kando yake, bega kwa bega, tukitazama mbele.

Nikawasomea barua. Nilijikwaa kwenye maneno mawili, na yule wa ndani hakunisahihisha. Nilipofika kwenye "itazimwa," mama alikamata mkono wangu kwa kucha.

"Saa kumi hii ya leo?"

"Nachagua aendelee," nikasema kwenye ile taa. "Jina libaki kwake."

Mama alianza kulia na kucheka pamoja. Akajifuta, akasogelea kioo akiwa na haraka, kama mtu anayetaka kulipa kabla hajadaiwa. "Hilo lingine waandikieni kwamba ni mimi. Kwa nini hakufungwa. Msimu uliisha, walimu hawakuja, na mimi sikwenda shuleni kuuliza. Nilimwona anachuma vizuri, nikanyamaza. Ni kama nilikataa. Watu wana haki kunisema. Andikeni mama alikataa."

"Mama," yule wa ndani akasema polepole, "wanamtaka Subi aseme."

Wakanigeukia wote wawili. Macho manne, na mawili yalikuwa yangu. Ilikuwa kama darasani kila nilipoitwa ubaoni. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini na mbili. Nikakamata ukingo wa stuli.

"Mama, Mwalimu Mwangomo alikuja. Mkono wako ulikuwa umeshapona, wewe ulikuwa umekwenda kisimani, mimi nimekaa pale mlangoni. Alikuja na daftari jipya na kalamu mbili. Alisema nafasi yangu ipo, nirudi Jumatatu, nisimame mbele ya darasa niwaeleze wenzangu habari za chai. Niliogopa kusimama mbele ya watu. Nikamwambia mama amekataa. Akanipa lile daftari, akaondoka, nikalifukia nyuma ya choo. Hukukataa, mama. Hukuulizwa kamwe. Ni mimi niliyekataa."